Kuotesha seli za kansa ya matiti ya mbwa: kutoka kisu cha Tabora mpaka flaski ya Morogoro

Naandika kwa wadogo zangu mlioko chuo mnasomea udaktari wa wanyama, hasa nyie wa kwetu Tabora na Kigoma ambao supavaiza keshasema "tafuta modeli ya seli ya kansa ya matiti ya mbwa" (yaani seli za uvimbe zinazooteshwa maabara zimwakilishe mbwa mwenyewe) na wewe umerudi likizo unawaza uanzie wapi. Mimi nilianza hivohivo. Nimepoteza sampuli, kuna flaski nimeilea wiki saba kumbe ndani sio kansa, sasa angalau njia naijua kwa hiyo nitaielekeza kama ninavyoipita mwenyewe.

Kuna bibi mmoja Isevya, hapahapa Tabora, ana mbwa jike wa kulinda nyumba, umri kama miaka tisa, hajawahi kufungwa uzazi na amezaa mara nyingi. Akanipigia mbwa ana vinundu. Nikafika, shikamoo bibi, marahaba baba, nikampapasa mbwa: kinundu kimoja kikubwa kama embe sindano kwenye titi la tano kushoto, kigumu kama jiwe, na kingine kidogo kama punje ya karanga titi la tatu kulia. Bibi akaniuliza swali moja tu, baba, kati ya hivi viwili kipi ndo kitaniulia mbwa wangu? Nikamjibu kweli, bibi kwa macho na vidole hakuna daktari anayejua. Swali lile ndo modeli zote za seli zinajaribu kulijibu, na ukilishika utajua hata cha kufanya maabara.

Mambo ya msingi haraka haraka. Mbwa jike kwa kawaida ana jozi tano za matiti na uvimbe mwingi unatokea jozi mbili za nyuma kwa sababu huko tishu ni nyingi. Kwa majike wasiofungwa uzazi huu ndo uvimbe unaoonekana zaidi ya wote, na kama nusu yake ndo kansa yenyewe, nusu iliyobaki haisambai. Homoni zina mkono mkubwa: utafiti wa Marekani wa 1969 ulikuta jike aliyefungwa uzazi kabla ya joto la kwanza (kile kipindi cha kutaka dume) hatari yake ni asilimia 0.5 tu ya ile ya jike asiyefungwa, akisubiri joto moja inakuwa 8, akifika la pili 26. Wapo waliokuja kuhoji ubora wa ushahidi huo baadaye lakini hata leo ndo namba unazozikuta kila kitabu. Kwa hiyo kabla hujagusa kisu andika historia yote: umri, amezaa mara ngapi, joto la mwisho lini, aliwahi kuchomwa sindano ya kuzuia joto yenye projestini, homoni ya kutengenezwa? Hiyo sindano inaongeza hatari ya uvimbe na mwenye mbwa hawezi kukwambia usipomuuliza, yeye anaona ni jambo la kawaida.

Na hili lishike sana: mbwa mmoja mwenye vinundu vitatu anaweza kuwa na magonjwa matatu tofauti, kwa hiyo kila kinundu ni sampuli yake, chupa yake, namba yake. Usichanganye kamwe.

Haya, modeli. Watu wengi wanauliza ipi nzuri, na hapo ndo wanapokosea, maana uzuri unategemea unauliza nini. Kama unataka kujua dawa fulani inaua seli kwa kiwango gani na unahitaji kurudia jaribio mara kumi seli zikiwa zilezile, chukua laini ya seli ambayo tayari ipo, yaani seli zilizooteshwa zamani na zinaendelea kugawanyika maabara bila kuchoka. CMT-U27 ya Uppsala, Uswidi, utaikuta kwenye makala nyingi sana. Zipo CHMp na CHMm za Tokyo, hizi mimi nazipenda kwa sababu zimetoka kwa mbwa mmoja, p ni ya uvimbe wa mwanzo na m ni ya pale kansa iliposambaa, kwa hiyo ukiziweka pembeni kwa pembeni unalinganisha kansa iliyokaa na iliyosafiri bila kusumbuliwa na tofauti za mbwa na mbwa. CIPp na CIPm nazo mtindo huohuo. CF41.Mg inapatikana benki ya seli ya ATCC, Marekani. Ila angalia usije ukashika MDCK ukasema hizi nazo ni seli za mbwa zitanifaa, zile ni za figo, zilianza 1958, kwenye swali la titi hazina jibu.

Tatizo la laini za zamani ni kwamba zimeishi kwenye plastiki miaka na miaka. Nyingi zimeshapoteza vipokezi vya estrojeni, kwa hiyo kama swali lako ni la homoni unaweza ukawa unaongea na mtu aliyezibwa masikio. Hapo ndo inabidi uoteshe zako mwenyewe kutoka kwenye uvimbe uliotolewa leo, tunaziita seli za mwanzo. Hizi zinafanana zaidi na mbwa uliyemuona, lakini zinazeeka, zinagawanyika mara kadhaa zinachoka, na kila mbwa ana tabia yake. Afu kuna modeli za 3D, nitazifikia. Kupandikiza kwa panya asiye na kinga sizungumzii hapa, hiyo inataka nyumba ya panya yenye viwango vyake na kibali kizito, achana nayo mpaka vingine vimekubali.

Tuanze na kisu, maana sampuli inafia hapa mara nyingi kuliko maabara. Kwanza kibali: kamati ya maadili ya chuo iwe imepitisha, na mwenye mbwa asaini akielewa. Mbwa anafanyiwa upasuaji kwa sababu anauhitaji, sio kwa sababu wewe unataka seli. Bibi nilimweleza hivi: kinundu tunakitoa kwa ajili ya mbwa, nikishakitoa badala ya kukitupa naomba kipande. Akasema chukua baba, kikasaidie na wengine.

Piga picha ya kifua kama unaweza kuipata, kansa hii inapenda mapafu. Ganzi kamili, nyoa, safisha vizuri zaidi ya unavyosafisha siku nyingine, kwa sababu bakteria wa ngozi ya tumbo la mbwa anayelala vumbini ndo watakaokula flaski zako. Uvimbe ukishatoka uweke kwenye sahani isiyo na vijidudu, badilisha glavu, badilisha na blade, afu kata. Usichukue katikati ambako kumekufa, mara nyingi ni laini au kuna rangi ya kahawia na majimaji, chukua kwenye ukingo ulio hai, mweupe mweupe au wa waridi. Kata vipande viwili kwa kila kinundu. Kimoja kwenye fomalini ya asilimia 10, fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kipande, hiki ndo cha kusomwa na mpatholojia, daktari anayesoma tishu kwa hadubini, na bila yeye wewe huna modeli, una seli zisizo na jina. Kingine ukubwa wa sentimita moja hivi kwenye tyubu ya midia (maji ya chakula cha seli) baridi yenye antibayotiki maradufu na dawa ya fangasi.

Sampuli yangu ya kwanza kabisa niliipoteza hapo. Kwenye kliniki moja msaidizi kwa nia njema kabisa alitia vipande vyote kwenye fomalini, maana ndo alivyofundishwa siku zote. Fomalini inaua na kukaza kila kitu, seli haiwezi kuota tena. Tangu siku hiyo natumia tyubu za vifuniko vya rangi tofauti na nazijaza mwenyewe jana yake usiku.

Safari sasa. Sisi wa Tabora tunapanda basi la alfajiri na jioni uko Morogoro, na tishu iliyotunzwa baridi nyuzi 4 hivi inavumilia siku nzima bila shida kubwa. Neno ni baridi, sio barafu. Tyubu ikigusana na aisipaki iliyoganda seli zinapasuka, kwa hiyo zungushia tyubu gazeti au taulo, iweke katikati ya kuliboksi, tia na kipimajoto. Usiiweke kwenye buti ya basi, kaa nayo miguuni. Mimi napanga upasuaji jioni, kipande kinalala friji usiku mmoja, alfajiri tunaondoka wote, na kule SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nakuwa nimeshaongea na mtu wa maabara anijazie inkubeta maji na kupasha midia.

Ukifika usipumzike. Ndani ya kabineti ya hewa safi osha kipande kwa PBS (maji ya chumvi yasiyoumiza seli) yenye antibayotiki mara tatu mpaka tano, ondoa mafuta na damu, afu katakata kwa blade mbili zinazopishana mpaka vipande viwe milimita moja hivi, viwe kama uji wa chengachenga. Tia kolajinesi, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzinyuzi zinazoshika seli, weka nyuzi 37 ukitikisa taratibu. Muda haufanani, uvimbe laini saa moja au mbili umeachia, ule mgumu wenye nyuzinyuzi unaweza ukalala usiku kucha, kwa hiyo chungulia kwa hadubini kila baada ya nusu saa na ukiona vishada vya seli vinaelea huru simamisha. Usitafute seli mojamoja zilizotengana kabisa, vishada vidogo vya seli za epitheli (zile zinazotanda ndani ya tezi) vinashika flaski vizuri zaidi. Chuja kwa kichujio cha mikroni 100, zungusha kwenye sentrifyuji kwa 300 g (nguvu ya mzunguko, sio gramu) dakika tano, mwaga maji ya juu ubaki na seli za chini, tia midia mpya.

Midia ninayotumia ni DMEM/F12 yenye seramu ya ndama asilimia 10, penisilini yuniti 100 na streptomaisini mikrogramu 100 kwa kila mililita, insulini kidogo na EGF, protini ya kuchochea ukuaji, kwa ajili ya epitheli. Inkubeta nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Rangi ya midia itakusemesha: nyekundu ni salama, ikigeuka njano seli zimekula zimemaliza au bakteria wameingia, ikienda zambarau gesi imeisha kwenye mtungi. Na kama unasoma estrojeni kumbuka ile rangi yenyewe ya fenoli nyekundu ina nguvu kidogo ya estrojeni na seramu nayo ina homoni, kwa hiyo tumia midia isiyo na rangi na seramu iliyochujwa kwa mkaa, la sivyo kikundi chako cha kulinganishia tayari kimeshalishwa homoni na wewe hujui.

Siku mbili za mwanzo usiifungue fungue flaski. Najua mkono unawasha. Siku ya tatu badilisha midia, damu na uchafu vitoke, na kama mambo yako sawa utaona visiwa vya seli zilizobanana kama mawe ya barabarani, hizo ni epitheli. Pembeni utaona zingine ndefu nyembamba kama samaki zinaogelea, hizo ni faibroblasti, seli za tishu ya kushikilia, sio za kansa, na hapa naomba ukae na mimi kidogo.

Faibroblasti zinakua haraka kuliko epitheli kwenye seramu nyingi, ukizembea wiki tatu zimefunika kila kitu na flaski imejaa vizuri, unafurahi, unaandika kwenye ripoti kansa imeota. Ile flaski yangu ya wiki saba ilikuwa hivyo. Iliota kwa nguvu sana na mimi nikaamini kwamba kukua kwa nguvu ndo ukansa wenyewe, mpaka tulipoipaka antibodi ikakataa saitokeratini ambayo ni alama ya epitheli, ikakubali vimentini peke yake ambayo faibroblasti wanayo. Dawa yake: faibroblasti zinaachia plastiki mapema, kwa hiyo tia tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli, dakika moja au mbili, gonga flaski kidogo, mwaga zilizoachia, osha, rudisha midia kwa zilizobaki. Rudia kila unapogawa. Punguza na seramu. Njia nyingine ni kuziacha seli zote zikae kwenye flaski dakika 30, faibroblasti zinashika upesi, unahamisha zinazoelea kwenye flaski nyingine.

Ila kwa mbwa kuna mtego zaidi ambao vitabu vya seli za binadamu havikwambii sana. Mbwa ana uvimbe mwingi wa aina mseto, yaani zile seli za mayoepitheli zinazozunguka tezi nazo zinazaliana, na mara nyingine ndani kunatokea gegedu au mfupa kabisa. Kwa hiyo seli ndefu kwenye flaski sio lazima iwe faibroblasti ya kutupwa, inaweza ikawa sehemu ya uvimbe wenyewe. Ndo maana huwezi kuamua kwa umbo. Paka saitokeratini kwa epitheli, vimentini, p63 na aktini ya misuli laini kwa mayoepitheli, afu linganisha na ile sampuli ya fomalini. Ukikuta flaski na kioo cha mpatholojia vinasema lugha moja, hapo sasa una modeli.

Kugawa: zikifika asilimia 70 au 80 ya sakafu, osha kwa PBS, tripsini asilimia 0.25 yenye EDTA dakika tatu mpaka tano, zima kwa midia yenye seramu, hesabu. Kuhesabu kunawachanganya wengi. Changanya seli na tripani bluu nusu kwa nusu, zilizokufa zinakuwa bluu. Kama kwenye miraba minne ya pembeni umepata seli hai 160, wastani ni 40, zidisha kwa 2 ya kuchanganya, zidisha kwa 10,000, una seli 800,000 kwa mililita. Andika namba ya kugawa kwenye flaski kila mara, P1, P2, P3. Seli za P3 na za P15 usizichukulie kama kitu kimoja.

Vipimo vya utambulisho usiviruke hata kama hela imebana. Mykoplasma kwanza: ni bakteria mdogo, haina ukuta wa seli kwa hiyo penisilini haiigusi, ni ndogo inaweza kupenya kichujio, midia haichafuki kwa macho, ila inabadilisha tabia ya seli na majibu yako yote yanaharibika kimyakimya. Pima kwa PCR (kipimo cha kutafuta DNA) unapopokea seli na kila mwezi au miwili. Pili hakikisha ni mbwa kweli. Mbwa ana kromosomu 78, binadamu 46, na PCR ya spishi sio ghali. Maabara nyingi duniani zimewahi kukuta laini zao zimevamiwa na HeLa, seli za binadamu zilizoanza 1951 na zinazokua kama magugu. Kwa hiyo ikiwa kabatini kuna HeLa na seli zako, siku za kuzihudumia zitofautishe na chupa ya midia kila mmoja na yake.

Kuhusu 3D. Seli zilizolala kwenye plastiki zote zinapata hewa na dawa sawasawa, kwenye mwili haiko hivyo. Njia rahisi isiyotaka hela nyingi ni matone ya kuning'inia: weka tone la mikrolita 25 lenye seli mia kadhaa kwenye mfuniko wa sahani, geuza mfuniko, chini weka PBS lisikauke, baada ya siku tatu nne seli zinajikusanya donge. Au paka agarosi chini ya visima vya sahani ya 96 seli zikose pa kushika. Donge likikua katikati panakosa hewa na chakula, na dawa ya kansa kama doksorubisini inafika kwa shida, mara nyingi utaona kiwango kilichoua seli zote kwenye plastiki kinaacha donge likiendelea. Ukiweza kupata Matrigel, jeli ya kuoteshea seli, utaotesha oganoidi, vijitezi vyenye tundu katikati, ila ile jeli inaganda ikipata joto, pipeti na tyubu vyote vipoe kwenye barafu kabla na ufanye upesi.

Jaribio la kuanza nalo MTT, kipimo cha kujua seli ngapi zimebaki hai, mchana mmoja unajifunza: seli hai zinageuza rangi ya njano kuwa zambarau, unasoma rangi hiyo kwa mashine kwenye mwanga wa 570 nm. La pili la mkwaruzo, unachora mstari kwa ncha ya pipeti juu ya seli zilizojaa na kupiga picha kila baada ya saa sita uone zinavyoziba. Hapa CHMm na CHMp wekeni pamoja.

Gandisha mapema, usisubiri mpaka uwe na seli nyingi za kujivunia. P2 ikifika tu toa chupa mbili tatu: seli milioni moja kwa chupa, seramu asilimia 90 na DMSO (kimiminika kinachozuia barafu kupasua seli) asilimia 10, zipoe polepole digrii moja kwa dakika mpaka nyuzi hasi 80, kesho yake zihamie naitrojeni ya maji, hasi 196. Mtungi ni uleule wanaobebea mbegu wahimilishaji wa ng'ombe, na kama maabara imeishiwa hao ndo watu wa kuulizia. Umeme ukikatika inkubeta inapoa, lakini chupa za kwenye naitrojeni haziguswi. Kuyeyusha ni kinyume: haraka, maji ya nyuzi 37, dakika moja hivi, maana DMSO ikiwa joto ni sumu kwa seli.

Kile kinundu kikubwa cha mbwa wa bibi, kile kigumu, mpatholojia alisema ni mseto usio na kansa, ule ugumu ulikuwa gegedu. Kile cha punje ya karanga ndo kilikuwa kasinoma, kansa yenyewe, na seli zake ziliota taratibu mno, visiwa vidogo vidogo, siku kumi na nane kabla sijathubutu kuzigawa. Nilimrudia bibi nikamwambia. Alikaa kimya kidogo, akasema kumbe kidogo.

Kwenye chupa tano zilizoko kwenye mtungi nimeandika namba ya mbwa, titi la tatu kulia, P2, na tarehe. Kwenye daftari ukurasa wake una nafasi nimeiacha wazi, kila baada ya miezi mitatu napita Isevya kumsikiliza mbwa kifua na kupapasa tezi za kwapani, naandika anakohoa au hakohoi, anakula au hali. Mara ya mwisho alinibwekea getini mpaka bibi akatoka kumtuliza.